Taarifa ya Gari Kavu

Wananchi wa Kibondo walitangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba gari la Idara ya Nidhamu ya Mali za Umma halivuji. Lilikuwa likimaliza maji ya rejeta kila safari, hilo halikubishwa. Lakini kuvuja, halivuji.

Bwana Abdulrahmani, mkuu wa idara, ndiye aliyeunda kamati ya uchunguzi. Kamati ilikagua mipira, pampu, mfuniko wa rejeta na ardhi chini ya gari, ikakuta kukavu kabisa. Sehemu moja tu haikuguswa: zulia jekundu mbele ya kiti cha mkuu, ambalo yeye mwenyewe alipiga marufuku kukanyagwa wala kufunuliwa na watumishi wa ngazi ya chini. Heshima ya ofisi si kitu cha kufunuliwafunuliwa.

"Basi maji yanaibwa," aliamua. Na mwizi angekuwa nani kama si Nestori, dereva, baba wa watoto wanne? Barua ya kumfukuza kazi ingesomwa hadharani Kasulu, iwe fundisho.

Asubuhi ya safari ya Kasulu, baridi ya Julai ilikuwa kali, na mkuu ni mtu wa Tanga. "Nestori, washa hita mpaka mwisho."

"Ego, ndiyo mkuu. Ila kila tukiwasha hita naona maji ndiyo yanapungua."

"Mwizi na hita, wapi na wapi? Washa!"

Walipokaribia Kasulu kitu kikapasuka nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya rejeta yakaruka kutoka kwenye hita juu ya zulia jekundu, yakalowesha suruali ya kijivu ya mkuu kuanzia pale pa aibu hadi kwenye soksi. Alipiga ukelele ambao haumo katika mwongozo wowote wa utumishi.

"Usimwambie mtu!"

"Niseme nini, mkuu? Gari halivuji."

Ukumbini mkuu aliingia amejikinga na faili. Bahati mbaya, faili halisomeki likiwa limeshikwa pale. Akaliinua, akasoma barua iliyokuwamo kwa sauti nzito: "Gari ni kavu! Anayemaliza maji ni mwizi!"

Mbele alikaa Josepha, muuza maharage wa Heru Juu. "Samahani, Mheshimiwa. Kama gari ni kavu, hapo umelowa nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu akamgeukia dereva. "Nestori, hebu waeleze."

Nestori akasimama, kofia mkononi. "Mkuu amekwisha sema, ndugu zangu. Gari halivuji."

Abdulrahmani akaitazama barua, akaitazama suruali. Kati yake na gari, ilibidi mmoja avuje. Akaikunja barua na kuitia mfukoni.

"Gari linavuja," alinong'ona. "Nestori hajaiba."

"Sauti, Mheshimiwa!" akaita Josepha. "Huko nyuma hawajasikia."