Malalamiko Kuhusu Salamu Zinazoua Plagi ya Pikipiki Yangu

Benjamini Masanja,
Fundi wa Mageti,
Sumbawanga Mjini.
Alhamisi jioni.

Kwa Mzee Wilibrodi,
Mwenyekiti wa Kijiji.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA SALAMU BARABARANI JUMAMOSI ASUBUHI

Shikamoo Mzee Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, na mama hapo nyumbani hajambo, na watoto hawajambo, na mahindi yanaendelea vizuri. Nimeanza na salamu kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nina muda.

Mimi ndiye yule kijana wa Kisukuma ninayemposa Josefina, binti wa Mzee Isdori, nyumba ya mwisho juu kabisa ya kilima chenu. Mara mbili nimeitwa nikajieleze mbele ya baba yake, na mara mbili nimefika ugali umepoa na mzee ameshaondoka kwenda shamba. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Ametuma neno kwamba mwanamume asiyeweza kufika kwa mkwe saa nne asubuhi hatafika popote maishani, na nikichelewa tena nirudi tu kwa ng'ombe wetu kule Kaoze, bondeni. Mzee Mwenyekiti, yule binti nampenda, chakula hakipiti kooni. Ndiyo maana, kwa heshima zote, nakuandikia kuwashtaki wazee wako.

Pikipiki yangu unaifahamu. Ni ile aliyoiacha padre mzungu, aliyekuwa akipanda nayo mawe kwa kujifurahisha tu: nyembamba, ndefu ya miguu, kiti chake hakizidi sahani. Ni injini ya zamani, ile ya kuchanganya oili ndani ya petroli. Kwenye mwamba inapanda kama mbuzi. Lakini ikiingia kijijini kwenu inaanza kukohoa, inamisi, inafuka moshi wa buluu, halafu inazima katikati ya kilima.

Usidhani nimekurupuka. Nilibadilisha plagi, mpya nayo ikawa nyeusi, imelowa oili chapachapa. Nikafungua kabureta nikaisafisha. Nikapima upya mchanganyiko wa oili na petroli. Nikaosha kichujio cha hewa. Rafaeli, mwenzangu wa hapa karakana, alibadilisha gasketi, akakaza kila kitu kinachokazika, kisha akanishauri niiuze kwa mtu nisiyempenda. Wapi! Ugonjwa ulikuwa palepale.

Mpaka Jumapili iliyopita, nilipopita kwenu wakati wa misa ya pili. (Mimi nilishasali ya kwanza mjini, usinifikirie vibaya.) Barabara ilikuwa nyeupe, wazee wote wako kanisani. Mzee, ile pikipiki ilipanda kilima ikiimba! Haikukohoa hata mara moja. Nikaizima kule juu, nikachomoa plagi, nikaikuta kavu, rangi ya kahawia kama ganda la karanga. Hapo nikaelewa kwamba injini yangu haiumwi kitu. Inauawa na salamu. Naomba nifafanue.

1. Salamu ya kwenu inataka mikono miwili. Mkubwa anasalimiwa kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, na mimi kama mkwe mtarajiwa sithubutu kupunguza. Sasa mikono ikipiga makofi, nani anashika mafuta? Injini inabaki sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, na injini ya aina hii ikikaa sailensa muda mrefu, oili haiungui, inajikusanya na kulowesha plagi. Kuizima siwezi, maana kuiwasha ni kupiga kiki, na kiki yake iko juu, hivyo lazima ninyanyue mguu karibu na uso wa mtu niliyemwamkia sasa hivi. Nilifanya hivyo mara moja mbele ya Bibi Tereza. Aliniuliza kama adabu kwetu tunafundishwa na ndama.

2. Salamu hazina mwisho. Mama yangu, Kabula, aliteguka mguu akifukuza ng'ombe kwenye mahindi. Nilimwambia mzee mmoja tu, tena kwa bahati mbaya. Siku hizi kila nyumba inataka habari za mguu wa mama: umevimba, umenywea, amekanda na nini, nani anamchotea maji. Wakimaliza mguu wanaingia kwenye ng'ombe, kutoka kwenye ng'ombe wanakwenda kwenye mvua za bondeni, halafu wanarudi kwenye mguu. Muda wote huo plagi yangu inaoga oili.

3. Nilijaribu suluhisho la kitaalamu. Nikawa napiga kofi moja, navuta mafuta, napiga kofi la pili, navuta mafuta. Injini ilikaa vizuri kabisa. Lakini Bibi Tereza alisema namngurumia, akanitaka nirudie salamu yote tangu mwanzo, polepole.

4. Wazee wameshanizoea, na hapo ndipo hatari ilipo. Bibi Tereza zamani alikuwa akipepeta ulezi wake nyuma ya nyumba. Sasa amehamishia ungo barabarani, eti huku ndiko kuna upepo. Mzee Theodory ndiye kiboko. Namsalimia pale darajani vizuri kabisa, tunaagana. Naondoka nikikohoa na kumisi, yeye anakata kwa njia ya mkato, nikifika kwenye mikaratusi namkuta ameshafika, amesimama, anasubiri shikamoo. Nilipomwambia kwa unyenyekevu kwamba tumeshasalimiana, alisema ile ilikuwa ya asubuhi na sasa jua limepanda.

5. Hili la mwisho linaniuma zaidi. Pikipiki ikishazima, hao hao walioiua wanakuja kuisukuma. Mara ya pili nilipokwenda kwa Mzee Isdori, nilifika nikiwa nimeshika usukani, uso mweusi kwa masizi, na nyuma yangu wazee wa kijiji kizima wanahema, Bibi Tereza akiwa na ungo wake kichwani. Nimekwenda kuomba mke, nimefika nasukumwa na bibi! Josefina aliingia ndani haraka. Natumaini alikwenda kucheka, maana kama alikwenda kulia nimekwisha.

Kwa sababu hizo, naomba ofisi yako ichague mojawapo ya hatua hizi. Kwanza, mzee mmoja ateuliwe asimame darajani, apokee shikamoo zote kwa niaba ya wenzake, kisha azigawe mwenyewe nyumba kwa nyumba. Ikishindikana, watu wote wenye umri wa kuamkiwa wakae ndani Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa nne, milango imefungwa. Ikishindikana hiyo pia, iandaliwe mbiu kuhusu mguu wa mama, kwamba unaendelea vizuri, uvimbe umeisha na anakanda kwa maji ya moto yenye chumvi, ili mtu asiwe na la kuuliza. Nilifikiria pia kuomba barabara izungushwe nyuma ya makaburi, lakini kwa ninavyoijua desturi yenu, huko nako ningetakiwa nipige makofi.

Mzee Mwenyekiti, sichukii heshima. Nataka kuoa tu.

Nakushukuru kwa kunisikiliza. Nisalimie sana mama hapo nyumbani na umwambie ule mchicha ulikuwa mtamu. Msalimie Mzee Theodory, umuulize kama kikohozi kimepona. Msalimie Bibi Tereza, pole zake kwa kuku waliochukuliwa na mwewe, na yule mjukuu wake aliyekuwa na surua. Wasalimie wale wa nyumba ya bati jipya, wa nyumba ya kona, mzee wa mbwa mweusi, na mbwa mwenyewe. Nikimsahau mtu, naomba asinielewe vibaya.

Mkwe wenu mtarajiwa, plagi ikiruhusu,

Benjamini Masanja.

Baada ya sahihi: Mzee Mwenyekiti, leo ni Jumamosi jioni. Barua hii nilikusudia kuiweka mkononi mwako jana asubuhi, nikaambiwa umekwenda mjini kikaoni, kwa hiyo naimalizia hapa chini.

Barabarani hapakuwa na mtu. Darajani Mzee Theodory hayupo, kwenye mikaratusi hayupo, ungo wa Bibi Tereza haupo. Pikipiki ilipanda ikiimba, nikafika kabla ya saa nne, shati jeupe bila doa. Nikwambie ukweli, nilikuwa mnyonge. Nilijikuta nikigeuka nyuma kuangalia kama yupo hata mmoja.

Kumbe wote walikuwa kwa Mzee Isdori! Alikuwa amewaita, kwa sababu hakutaka kumwoza binti yake kwa mtu asiye na wa kumsemea, na mimi kwa huku juu sina ndugu. Basi wakanisemea wao. Mzee Theodory alieleza ng'ombe wetu wote mpaka rangi zao. Bibi Tereza akasema kijana anayesimulia mguu wa mama yake namna ile, nyumba kwa nyumba, bila kuchoka, hawezi kumtelekeza mke. Mzee Isdori akaniuliza swali moja tu. Aliuliza mguu wa mama unaendeleaje. Josefina alichungulia mlangoni, na alikuwa anacheka; sasa naamini hata siku ile ya kusukumwa alikwenda kucheka. Nimekubaliwa, Mzee! Nimekubaliwa!

Wakati wa kuondoka niliwaaga mmoja mmoja kwa makofi, injini ikiwa sailensa. Ilizima kabla sijamaliza. Wamenisukuma mpaka darajani.

Naomba barua hii uichane. Ile mbiu ya mguu wa mama usiiandae. Uvimbe umeisha kabisa, sasa anatembea hadi kisimani, lakini tafadhali usimwambie mtu. Nitawaambia mwenyewe, mmoja mmoja.