Kiti cha Mama Agathe

Jumatatu, 10 Oktoba

Furaha! Waziri wa Kilimo wa jimbo letu la Ituri ameitwa Kinshasa kwa kazi kubwa zaidi. Nafasi yake iko wazi. Gavana atachagua mwingine, na Bunia nzima inasema atamtoa kwenye Bunge la jimbo.

Sasa, mimi ni suppléant wa Honorable Agathe. Yaani mbunge wa akiba, kama gurudumu la akiba: niko nyuma ya gari, nakula vumbi, nangoja. Yeye akiwa waziri, kiti chake Bungeni kinakuwa changu. Kwa hiyo leo hakuna mtu Ituri anayempenda Mama Agathe kunishinda mimi.

Mchana nimekwenda mtaa wa Ngezi kwa mshonaji, kupimwa koti. Nani nimemkuta pale, mikono kainyoosha kama ndege, anapimwa? Adolphe! Suppléant wa Honorable Camille, ambaye naye anatajwa kwa uwaziri. Nikamwambia koti langu ni la harusi ya binamu. Akasema hata lake. Tukaulizana binamu anaoa lini. Wote wawili tukamgeukia mshonaji, tukauliza bei ya vifungo.

Jumanne, 11 Oktoba

Mpango wa kwanza: redio. Asubuhi kuna kipindi cha watu kupiga simu. Nimebana pua, nikasema mimi ni mama mkulima wa kule Kilo, na siye wamama wa Kilo tunamtaka Honorable Agathe awe waziri. Safi kabisa! Nikapiga tena kwa sauti nzito: muzee mfugaji. Hata ng'ombe wangu wanamtaka. Mtangazaji akanishukuru sana, kisha akasema:

"Aksanti, Papa Ézéchiel. Utusalimie Mama Espérance ku nyumba."

Hewani! Bunia nzima inasikia!

Espérance, mke wangu, amecheka mpaka ugali wa fufu umeungua. Vijana wa pikipiki wananiita Mama wa Kilo. Jioni Adolphe amekuja mwenyewe kunipa pole. Amekaa sana. Amekunywa chai yangu yote. Sijawahi kuona mtu mwenye huzuni akifurahi vile.

Jumatano, 12 Oktoba

Mama Agathe ameniita. Nilijua ni kugombezwa. Hapana! Redio hakuitaja kabisa, ila alikuwa anabana midomo asicheke.

Ameniambia kesho analeta hoja: kufungua tena soko la pale darajani, kwenye njia ya kwenda Kilo. Soko lile limefungwa tangu vita vya wakulima na wafugaji. Zamani wakulima walileta mihogo, wafugaji wakaleta maziwa. Leo bunduki zimenyamaza, lakini watu bado wanalala sikio moja wazi, na kila upande unauziana wenyewe kwa wenyewe. Huku maziwa yanachacha, kule watoto hawayajui. Wabunge wengi wanaogopa. Wanasema watu wakikutana pale watapigana. Akaniuliza naonaje. Nikasema naona ni hoja ya kiwaziri kabisa.

Mpango wa pili: wapiga makofi. Nimekwenda kwa wamama wakulima waliokimbia vita kule Djugu, wanaokaa nyuma ya mtaa wetu. Nimewaomba waje kujaza viti vya wageni. Ishara ni moja: nikitoa leso mfukoni, makofi na vigelegele. Mama Charlotte, mkubwa wao, akauliza kama kutakuwa na kitu cha kunywa. Nikasema soda. Soda itatoka wapi, Mungu ndiye anajua.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mungu wangu, siku gani hii!

Nimefika Bungeni na wamama wangu. Adolphe naye kafika na watu wake: familia za wafugaji, wazee na wamama, wa kumpigia makofi Camille. Ishara yao: Adolphe akivua miwani. Mwizi wa mipango! Lakini viti vya wageni ni vichache. Askari wa mlangoni akawasukuma wote ndani pamoja, mkulima hapa, mfugaji pale, bega kwa bega.

Wamama wameshika mabegi yao kifuani, macho mbele. Tangu vita, wengi wao hawajakaa benchi moja. Ndipo nikaelewa tulichokifanya. Wakipigana humu ndani, soko limekufa, na sisi wawili ndio tumeliua. Nikamtazama Adolphe. Uso umekuwa majivu. Kwa mara ya kwanza tumewaza jambo moja.

Honorable Camille akasimama kupinga hoja. Akasema soko ni hatari, tungoje kwanza amani ikomae. Hapo mafua niliyoamka nayo yakanipanda. Nikatoa leso.

Wamama wangu wakalipuka! Makofi! Vigelegele! Kwa mtu anayepinga hoja yetu! Nikapunga leso kuwazuia, wakazidisha. Adolphe akachanganyikiwa, akavua miwani afute jasho, na watu wake nao wakaanza. Jengo zima linamshangilia Camille. Mwenyewe machozi yanamlengalenga. Rais wa Bunge anagonga nyundo, nani anasikia?

Katikati ya kelele zile, mama mmoja mfugaji akamgeukia Mama Charlotte.

"Weye, si ulikuwa unauzisha mihogo pale ku daraja?"

"Ni miye! Na weye ni Léonie wa maziwa! Kumbe uko muzima?"

"Niko muzima. Lakini ile mihogo yako ilikuwa inauma ulimi."

"Na maziwa yako ilikuwa na maji!"

Makofi yakakatika. Watu wote wanawatazama wale wawili. Nilifunga macho.

Nikasikia kicheko. Nilipofungua macho walikuwa wameshikana mikono, wanacheka na kulia pamoja. Halafu kila mtu akaanza kumuuliza jirani yake: yule mama wa chumvi yuko wapi, nani alikufa, binti wa fulani aliolewa wapi. Rais wa Bunge akaweka nyundo chini, akangoja.

Mama Agathe akasimama. Alikuwa na hotuba niliyomsaidia kuandika, tamu sana, yenye neno "maendeleo" kila mstari. Hakuifungua. Akaonyesha viti vya wageni.

"Bwana Rais, hii soko imekwisha kufunguka. Iko pale. Siye tunabakia kuiwekea paa tu."

Hoja imepita! Camille naye kanyoosha mkono. Nililia. Ni mafua.

Soda waliniuliza. Nimetokea mlango wa nyuma. Nilimkuta Adolphe hapo hapo, anatoka.

Ijumaa, 14 Oktoba

Gavana amemwita Mama Agathe. Nimevaa koti jipya, nikamngoja nje. Akatoka anatabasamu. Amepewa uwaziri! Nikafungua mikono kumpongeza. Akanishika bega, akasema amekataa.

Amekataa!

Anasema kura peke yake haitoshi, pasipokuwa na mtu wa kulisukuma Bungeni kila wiki, soko litaoza kwenye makaratasi. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa:

"Ni weye ulinifungua macho, Papa Ézéchiel. Weye ndiye ulileta wale wamama. Bila weye, ningekubali."

Nimekaa chini kwenye ngazi, na koti langu.

Uwaziri amepewa Camille. Kwa hiyo mbunge mpya ni... jina lake mkono unakataa kuliandika. Amepita mbele ya nyumba yetu, akarudi, akapita tena. Espérance amenipikia samaki na hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Jumamosi, 22 Oktoba

Soko limefunguliwa. Nilikwenda na Mama Agathe kwa sababu aliniomba, nimenuna njia nzima. Askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, walisimama mbali kidogo. Watu walifika na mizigo kichwani, wakabaki wamesimama, wanatazama barabara pande zote. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mama Léonie akachoka kungoja, akatua ndoo yake ya maziwa. Mama Charlotte akatandika kitenge hapo pembeni yake. Kabla ya jua la utosi hapakuwa na pa kukanyaga.

Nikapewa maziwa kwenye kikombe, ya moto. Nikakaa juu ya gunia, natazama watu wanabishana bei bila kuogopana. Roho ikatulia. Nikajisemea: Ézéchiel, kuna mambo makubwa kuliko kiti. Acha hizi mbio. Niliapa kwa moyo wote, na kikombe kilikuwa bado hakijafika nusu.

Muzee mmoja aliyekaa gunia la pili alikuwa anamtazama Mama Agathe akicheza na wamama. Akasema mwanamke huyu ni mkubwa mno kwa Bunia. Wangempeleka Kinshasa, akakae Seneti.

Seneti! Na kiti chake cha hapa kibaki wazi!

Nikaweka maziwa chini. Nikasogeza gunia langu karibu, nikamuuliza muzee kama huko kwao ana watu wengi. Akasema ana watoto tele, na wajukuu ameacha kuwahesabu.

Mwanzo mzuri sana.