Ghorofa ya Nne, Lifti Mbovu

Siku Dokta alipoona wapangaji wa jengo lile wanafika ghorofa ya nne ndimi nje, lifti imekufa, akajua riziki imemfuata miguuni. Akapanga chumba hukohuko juu, akavaa koti jeupe, akabandika tangazo chini: "Kupimwa damu bure."

Bure! Watu wakapanda kama siafu.

"Unahema, shangazi?"

"Nahema, mwanangu."

"Moyo unadunda? Magoti yamelegea?"

"He! Umejuaje?"

"Hemoglobini imeshuka. Ndiyo inayoipa damu wekundu, ina chuma ndani yake. Inabeba hewa safi kutoka mapafuni, inaisambaza mpaka kidole cha mguu. Ikipungua, unahema na hewa haifiki."

Hapo alisema kweli tupu. Uongo ulianzia kwenye chupa za dawa alizowauzia: maji, sukari na rangi nyekundu. Mungu amrehemu aliyebuni ngazi.

Basi akaingia mzee mmoja, kitambi mbele, akajibwaga kitini anahema kama mbwa aliyefukuzwa.

Dokta akamvuta kope. "Mzee wangu, hii damu au chai?"

"Niokoe, mwanangu. Na wafanyakazi wangu arobaini, wote wanahema hivihivi. Kreti zote hizo za dawa nachukua. Gari liko chini. Ila kubeba... unaniona mwenyewe."

Kreti sita! Dokta akaona nyumba, akaona gari, akamwona mchumba aliyemkataa anarudi analia. Droo ya pesa hata hakuikumbuka.

"Kaa hapohapo, mzee. Hemoglobini haitaki papara."

Shuka, panda. Shuka, panda. Kreti ya tano, jasho limefika soksini. Anapanda kufuata ya mwisho, akakutana na mzee kwenye ngazi, kaibeba mwenyewe.

"Mzee, utakufa!"

"Umechoka, mwanangu, nimekuonea huruma. Wewe panda ukapumzike. Pesa yako iko garini, nakuletea."

"Mungu akuzidishie, baba!"

Juu, droo ilikuwa wazi. Mauzo ya wiki mbili, hata sarafu haikubaki. Dokta akakimbilia dirishani. Kule chini gari limegoma kuwaka. Mzee analisukuma peke yake, mbio, kitambi kinacheza. Likawaka. Akarukia ndani kama kijana wa miaka ishirini.

Dokta akafungua mdomo apige yowe. Pumzi haikutosha.

"Mwi... mwi..."

Muuza magazeti akainua shingo. "Anasema nini yule?"

"Sijui," mwenzake akajibu. "Labda mzee kasahau chenji."