Malalamiko Dhidi ya Lenzi Inayonilazimisha Kusalimia

Mtaa wa Jalatlaco, Oaxaca
Jumatano

Ndugu Mhariri wa jarida la Jicho la Mtaa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono yako ikiwa mikavu. Yangu ina sabuni, na sababu ni wewe.

Katika toleo la mwezi wa tatu uliandika kwamba mpiga picha za mtaani mwenye mfuko mwepesi asihangaike. Anunue lenzi moja tu ya milimita thelathini na tano, isiyovuta vitu karibu, hata kama ni ya mtumba, kwa kuwa ni kali, ni nyepesi na inafaa kwa kila kitu. "Ukitaka mtu aonekane mkubwa," ukasema, "sogea." Nilikuamini. Zamu yangu ya upatu ilipofika, badala ya mashine ya kufulia nikanunua lenzi. Mume wangu Heladio aliigeuzageuza, akauliza, "Mama Lucero, hii inasuuza pia, au inakamua tu?"

Nilimwambia asubiri shindano lenu, ambalo mshindi wake atapewa kazi ya kuwapigia picha mwaka mzima. Sharti lenu ni kwamba anayepigwa asijue anapigwa. Mwisho ni Ijumaa, nami sina hata picha moja inayofaa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Na ukali wa lenzi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni hilo neno "sogea". Labda huko mji mkuu mtu husogea kimya. Hapa ukimkaribia anayekula, sharti umtakie mlo mwema. Akikujibu, keshakuona. Akishakuona, anafuta mdomo.

2. Mzee Abundio, fundi viatu wa kona yetu, nilimvizia akiwa na misumari midomoni, uso umekunjamana vizuri kabisa. Nilipofika pale lenzi yenu inapotaka, nikamwamkia, maana nimelelewa. Akatema misumari yote ili aitikie kwa heshima. Akauliza Lucero, niliyembeba mgongoni, kaota meno mangapi. Kisha akamwita mkewe: "Njoo, mama, na ukaze uso, hii inakwenda gazetini." Picha ninayo. Wamesimama kama wanaapishwa.

3. Bi Eufrosina, muuza tamale za unga wa mahindi, ndiye mbaya zaidi. Hajaniruhusu kunyanyua kamera hata siku moja. "Mwanangu, mtoto ale kwanza, picha haikimbii." Picha inakimbia, Ndugu Mhariri, wewe unajua. Lakini nikisema hivyo Lucero keshashika tamale kwa mikono miwili, na mafuta yake yako kwenye kioo cha lenzi yenu inayofaa kwa kila kitu.

4. Kwa ajili ya huko kusogea, nimepewa usimamizi. Binti akitimiza miaka kumi na mitano, sherehe yake huwa na msimamizi wa keki, msimamizi wa muziki, hata wa viatu. Sasa kuna msimamizi wa picha, naye ni mimi, na jambo hilo halikataliwi. Wazazi wa mabinti wananiita ndugu. Nilitoka nyumbani kutafuta watu nisiowajua, nimerudi na ukoo. Hukuandika popote kwamba lenzi hii inazaa.

5. Nimejaribu kupiga picha ukuta. Mwenye ukuta alitoka.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, moja kati ya mambo mawili. Ama mniletee lenzi ndefu, ya milimita mia mbili, nisimame ng'ambo ya barabara kama mtu asiye na kwao. Ama muwaandikie wakazi wa Jalatlaco barua rasmi yenye muhuri, mkiwaagiza wasisalimie mtu yeyote hadi Ijumaa. Bi Eufrosina asomewe na mtu mwingine, kwa maana mimi atanicheka.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mkeo, na yeyote aliyekufundisha neno "sogea". Lucero naye anakusalimu. Ile kona ya bahasha ni yeye aliyeila.

Ni mimi, kwa subira iliyobaki,
Zenaida Matadamas

Baada ya kusaini: Leo ni Alhamisi, na barua bado sijaituma. Heladio ameniazimia lenzi ndefu kwa binamu yake anayepiga picha za mpira. Asubuhi nilisimama ng'ambo. Hakuna aliyeniona, hakuna aliyenisalimu. Nikampiga picha Bi Eufrosina peke yake nyuma ya sufuria lake, hana habari. Picha ni safi, ndiyo hasa mnayoitaka. Nilipoikuza nikaona analia.

Anamlisha mwanangu kila asubuhi, nami nilikuwa nabonyeza tu.

Nikavuka barabara. Kumbe dada yake amefariki usiku. Nilikaa naye mpaka tamale zikaisha, Lucero akimfuta machozi kwa mkono wenye mchuzi.

Picha ile nimeifuta. Lenzi ndefu msilete. Naambatanisha nyingine, niliyopiga baadaye kwa lenzi yenu, aliposema, "Haya, nipige, mwanangu, lakini ngoja nivue aproni." Inavunja sharti, najua. Anatazama mbele kabisa, na Mzee Abundio na mkewe wamejipenyeza pembeni. Wote wanakutazama wewe. Ukifungua bahasha, wasalimie kwanza.