Friji ya Maziwa Mabichi

Kilainishi alipoona matajiri wakigombania jibini ya maziwa mabichi, yasiyopita motoni hata kidogo, alivua kofia. Watu walikuwa wanalipa zaidi kwa kazi ambayo haikufanywa. Katika maisha yake yote ya utapeli hakuwa amekutana na heshima ya namna hiyo.

Mabichi yenyewe, hata hivyo, aliyaogopa. Mteja akiumwa tumbo harudi. Basi akamwendea shemeji yake, mjane wa kaka yake, fundi wa jibini asiye na maneno mengi.

"Shemeji, wewe chemsha. Gesi nanunua mimi. Kwenye karatasi tutaandika mabichi."

"Sawa, shemeji."

Baada ya miezi michache, duka kubwa kuliko yote mjini likataka kumpa friji nzima ya kuuzia jibini yake, yeye peke yake. Kilainishi alishaanza kutembea kama mwenye friji. Ndipo mama mwenye duka akamwambia kwamba kwanza atamwita mpimaji, ahakikishe maziwa ni mabichi kweli.

Kilainishi hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa muuza jibini wa sokoni, aliyemwapia kwa marehemu mama yake kwamba jibini yake ni mbichi kabisa. Akainunua kwa bei ya kuumiza, akaibandika karatasi yake, akamtwika shemeji kapu, wakaenda.

Mpimaji alikata kipande, akakiponda ndani ya kichupa chenye dawa.

"Ikigeuka njano, maziwa hayakuona moto. Ikibaki nyeupe, yalichemshwa."

Wakasubiri. Ikabaki nyeupe, tena nyeupe ya kutosha harusi.

Kilainishi akaduwaa. Ametapeliwa! Na kwa kiapo cha marehemu, mbinu aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe. Iliuma, lakini kazi nzuri aliitambua.

"Tupime na ile uliyoniachia wiki iliyopita," akasema mama mwenye duka, akaitoa kwenye friji.

Kichupa cha pili kikageuka njano palepale.

"Haiwezekani!" Kilainishi akapiga kelele. "Hiyo imechemshwa!"

Duka zima likamgeukia.

"Umejuaje?" akauliza mama mwenye duka.

Shemeji akatua kapu polepole. "Mama, hiyo nimetengeneza mimi. Maziwa yake sijawahi kuyachemsha hata siku moja."

"Na gesi yangu?" Kilainishi akauliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Imewapikia watoto wa kaka yako, shemeji. Tangu azikwe hukuwahi kuuliza wanakula nini." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Na karatasi uliandika mabichi. Sikutaka uitwe mwongo."

 

Mama mwenye duka alimpa shemeji mkono, akampa na ufunguo wa friji. Shemeji akashukuru, akageukia mlango.

"Haya, shemeji," akasema. "Beba kapu."

Kilainishi akalibeba.