Gauni la Kijani na Mizani Iliyogoma

Jumatatu, 6 Januari

Wiki ya pili bila wanga. Mkate, viazi, wali: kwaherini. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, kwa hiyo nimemwambia Shangazi Drieka ashone gauni langu la kijani kwa kipimo nitakachofikia, si hiki nilicho nacho. Alinitazama juu ya miwani akauliza kama nina uhakika. Ninao, tena mwingi.

Dada Marlize anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na mpambe wake ni mimi. Mimi, niliyejificha nyuma ya wenzangu kwenye kila picha ya shule! Gauni lisiponiingia, nafasi ataichukua binamu Ronel. Ameshaanza kufanya mazoezi ya kushika maua.

Alhamisi, 9 Januari

Mizani imegoma. Haielezeki. Nakula kwa uangalifu mkubwa: mayai kwa siagi, kahawa kwa krimu, jibini, kisha korosho kiganja kimoja, na kingine, maana korosho si mkate.

Nimeihamishia mizani stoo, kwenye sakafu ya saruji. Ikaongeza nusu kilo. Nimeirudisha bafuni.

Ronel, mwembamba kama ufito, alipita akitafuna mkate wa jamu. Akaniuliza, “Elsabe, unapungua, au unaandaliwa kwa mnada wa kondoo?” Jibu zuri sana lilinijia nikiwa nimeshalala.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya kanisa Baba aliwasha moto wa kuchomea nyama. Huku kwetu Karoo, kinacholiwa mtu akiwa amesimama kando ya moto hakihesabiki. Ni kuonja. Chakula ni cha mezani.

Basi nikaonja. Soseji, mbavu za kondoo, mafuta ya mkia yaliyokauka vizuri, halafu soseji tena kwa sababu Baba alitaka kujua kama chumvi imekolea. Na nyama kavu kutoka mfuko wake wa shati, ili nisimvunje moyo.

Mezani nilijizuia kishujaa: saladi na kipande kimoja cha nyama. Lakini Shangazi Drieka alinipakulia kijiko cha karoti zake za sukari, akisema hataki nizimie kabla ya harusi. Nilikula kwa heshima. Nikajuta papo hapo.

Jumatano, 15 Januari

Kilo moja juu! Karoti.

Marlize amenikalisha kitandani kwake. Anasema zile kilo za mwanzo zilikuwa maji tu. Anasema mwili ukishapungua unatosheka na kidogo kuliko mwanzo, na kwamba siagi na korosho nazo zinahesabiwa, hata kama si wanga. Nilimsikiliza kwa upole. Bibi harusi ana mawazo mengi. Kisha akauliza Jumapili nilikula soseji ngapi.

Nikamwambia ukweli. Sikula hata moja. Nilikuwa nimesimama.

Jumamosi, 18 Januari

Zipu ilifika katikati ya mgongo ikakataa. Shangazi Drieka alivuta. Baba alivuta. Nilivuta pumzi ndani mpaka nikaona nyota. Ronel alikuwa mlangoni, mikono tayari kupokea maua.

Nilifungua mdomo niseme mpeni yeye. Marlize akanitangulia. Alivua mtandio wake wa lesi, akaufunika mgongo wangu. “Naingia kanisani na mdogo wangu,” alisema, “hata kama itabidi tumfunge kwa kamba.”

Tukaingia. Ronel alitembea nyuma yangu akiubana mtandio usifunguke. Watu wote walinitazama, na sikujificha.

Jumapili, 19 Januari

Nimefanya uchunguzi wangu na jibu liko wazi. Mpango ulikuwa sahihi, mizani ni mbovu kidogo, na kosa ni kile kijiko cha karoti.

Ronel ndiye aliyedaka maua ya bibi harusi jana, kwa hiyo wa kuolewa sasa ni yeye. Nimeshamwomba Shangazi Drieka anishonee gauni la harusi yake, kwa kipimo kilekile. Safari hii karoti sigusi.

Baba amewasha moto kwa ajili ya wageni waliolala. Ananiita nikaonje. Kuna kiti kitupu kando yake, lakini mimi sikai.