Muuaji Ni Wewe, Usimwambie Mtu

Jumatatu, 3 Juni

Nimefufuka! Mwenye ukumbi wa sinema amekubali kuitazama filamu yangu mpya Jumamosi. Ikimpendeza, ataionyesha mwezi mzima. Filamu ya mauaji, inaitwa "Aliyezima Taa". Nyumba moja, maiti mmoja, na muuaji ambaye hakuna atakayemdhania. Zimebaki siku chache tu za kurekodi.

Mke wangu hakuruka kwa furaha. Alinisomea historia yangu kana kwamba nimemwomba. Filamu ya kwanza: watu walisimama wakapiga makofi, nikapewa kikombe. Ya pili: walilala. Ya tatu: hata mwendesha mitambo alitoka, akatuacha gizani. Kikombe sasa anawekea vijiko. Amesema hii ya nne ikianguka, Jumatatu ijayo nianze kazi kwa kaka yake, kwenye duka la rangi. Shemeji ameshaninunulia aproni. Ana haraka ya kunizika huyo!

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Kidevu ameonekana karibu na nyumba tunayorekodia. Kidevu alikuwa msaidizi wangu. Nilimfundisha hata kushika kamera. Leo anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba na magazeti yanamwita gwiji. Fadhila za punda ni mateke. Amemnunulia mjomba wangu soda, akamwuliza muuaji ni nani, ili aniibie hadithi. Mjomba ndiye maiti wetu. Anaapa hakusema kitu. Lakini soda aliimaliza.

Nimewaza kutwa. Jioni nikiwa naoga, wazo likanijia! Nikapiga ukelele na povu masikioni. Mke wangu akadhani nimeteleza.

Mpango: kila mwigizaji nitamwambia faraghani kwamba muuaji ni yeye, na asimwambie mtu. Kidevu akiwachokonoa, atapata majibu tofauti mpaka achanganyikiwe. Na kila mmoja ataigiza kwa roho yake yote! Muuaji wa kweli nitamchagua kabla ya tukio la mwisho. Akili kama hii haiuzwi dukani. Hasa duka la rangi.

Jumatano, 5 Juni

Kazi imetiririka kama maji. Nimewavuta mmoja mmoja nyuma ya pazia. Fundi cherehani, anayeigiza mjane, alinishika mikono yote miwili. Mwalimu mstaafu, ambaye ni daktari wetu, alitokwa machozi, akasema ameisubiri nafasi hii maisha yake yote. Kinyozi ndiye inspekta. Akauliza inspekta atakuwaje muuaji. Nikamwambia utamu uko hapohapo.

Mjomba akanuna kwamba wenzake wananong'onezewa, yeye analazwa tu. Mjomba ni mjomba. Nikamwambia na yeye: hukufa, unajifanya, muuaji ni wewe. Akafurahi mno.

Kasoro ndogo. Mjane anachekelea msibani. Daktari anasugua mikono kila akiona kisu. Mpigapicha ameuliza kama ni sawa maiti kutabasamu. Nikamwambia ashike kamera, aache udaku.

Ijumaa, 7 Juni

Tukio la mwisho. Wote sebuleni, maiti katikati chini ya shuka. Nilikuwa nimchague muuaji asubuhi, lakini Kidevu alichungulia juu ya ukuta na mimi nikakimbilia kumfukuza. Nimerudi natweta, kamera inarekodi, na kinyozi ameshasema: "Muuaji yumo humu ndani. Asimame."

Wakasimama wote.

Kinyozi akajinyooshea kidole mwenyewe. Mjomba akatupa shuka, akadai mauaji ni yake. Mwalimu akasema aliahidiwa. Mjane akamchapa mwalimu kwa mkoba, wakaangukia kochi, mguu wa kochi ukavunjika. Mwenye nyumba akatutimua. Hakuna kurudia.

Hata hivyo, nimeitazama tena. Ina joto! Nina matumaini makubwa.

Jumamosi, 8 Juni

Mwenye ukumbi alicheka mpaka akajifuta machozi. Nikamkonyeza mke wangu. Kisha taa zikawashwa, akaniuliza swali moja tu.

"Sasa muuaji ni nani?"

Nikageuka. Waigizaji wangu walikuwa wamekaa mstari mmoja, kila mtu amenyoosha shingo, ananitazama kwa macho ya mtu anayengoja kuitwa jina. Nikimtaja mmoja, nawapoteza wengine. Na mmoja wao ni mjomba wangu!

Nikasema: "Wote."

Wakanizomea wote. Mwenye ukumbi akasema filamu ya mauaji isiyo na muuaji, watazamaji watamng'olea viti. Hataionyesha. Kidevu, ambaye sijui nani alimwalika, alivua miwani. Alikuwa anacheka.

Mke wangu hakucheka. Njiani alinishika mkono, akasema taratibu: "Baba, si ungechagua mmoja tu?"

Imeniuma. Nilitaka avitoe vile vijiko kwenye kikombe changu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeanza dukani. Aproni inanibana, lakini kichwa kiko huru! Limebaki kopo moja la rangi ya bluu. Asubuhi amelitaka seremala. Akaja mama mwenye saluni, naye analitaka hilohilo. Akaja mchungaji. Shemeji angewafukuza wawili. Mimi ni msanii. Nimemvuta kila mmoja pembeni ya rafu, nikamnong'oneza: kopo ni lako, usimwambie mtu, njoo kesho saa tatu.

Wameondoka wanameremeta. Mchungaji amenibariki. Shemeji akauliza nilikuwa nawaambia nini. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi.

Kesho saa tatu duka litajaa! Nimeshamwambia mpigapicha aje na kamera.